Tukibishana kuhusu leseni za programu za ofisi, tunabishania nini hasa?

UZI. Kila bajeti ya Juni ikikaribia, kuna hoja moja hurudi kwenye midahalo. Mtu anasimama anasema: tunalipa pesa nyingi kwa leseni za programu za ofisi na kuna za bure, kwa nini tusihamie huko? Mwingine anamjibu: cha bure ni ghali, mtaleta fujo ofisini. Watu wanapiga makofi, wanagawanyika, na hakuna anayeeleza chochote. Wacha nijaribu. Sitataja mwanasiasa wala chama, maana nimesikia pande zote zikisema vyote viwili, kutegemea nani yuko ndani na nani yuko nje.

Nianze kwa kukiri: mimi niliwahi kuiharibu kazi hii kwa mikono yangu. Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Mombasa, ofisi ya watu kama ishirini. Ndiye niliyekuwa "kijana wa kompyuta", kwa sababu tu nilijua kubadilisha wino wa printa. Siku moja mkurugenzi akaletewa ankara ya leseni, akaniita: "Kijana, si ulisema kuna ya bure?" Kweli nilikuwa nimesema. Ijumaa jioni nikabaki ofisini, Jumamosi nikamaliza. Kila kompyuta ikawa na OpenOffice. Nilijiona mjanja sana.

Jumatatu barua zilifunguka vizuri, hata watu wakanisifu. Shida ilikuja siku ya kuandaa mishahara. Faili ya mishahara ilikuwa ya Excel, imetengenezwa na mhasibu aliyekuwa ameshaondoka, na ndani yake kulikuwa na makro, yaani zile amri zinazojiendesha zenyewe ukibonyeza kitufe. Nikabonyeza. Kimya. Hakuna mtu ofisini aliyejua ile makro ilikuwa inapiga vipi hesabu ya PAYE, NSSF na mikopo ya wafanyakazi. Tulilipa mishahara tarehe 6 ya mwezi uliofuata, kwa kalkuleta. Mama aliyekuwa akitupikia chai aliniambia mbele ya watu, "Mwanangu, mwenye nyumba wangu hajui kompyuta." Wiki iliyofuata tukarudi tulikotoka na mkurugenzi akalipa ile ankara.

Kwa miaka mingi niliamini funzo lilikuwa kwamba programu za bure si za kazi. Nilikosea. Faili ile ilikuwa yetu, hesabu zilikuwa zetu, mishahara ilikuwa yetu, lakini bila programu ya kampuni moja hatukuweza kuitumia. Tatizo hilo lilikuwepo kabla sijagusa kitu. Mimi nililigundua tu, na nikaligundua siku mbaya.

Sasa twende kwenye mjadala wenyewe. Kuna vitu viwili ambavyo wasemaji huchanganya kila mara: programu huria na kiwango wazi.

Programu huria ni ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuona ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuigawa. LibreOffice ni mojawapo. Ilitokana na OpenOffice mwaka 2010, na OpenOffice nayo ilitokana na programu ya kampuni ya Kijerumani iliyonunuliwa na Sun Microsystems mwaka 1999. Kiwango wazi ni kitu kingine kabisa. Ni makubaliano yaliyochapishwa yanayosema faili iandikwe vipi, ili yeyote atakayetengeneza programu aweze kuifungua.

Fikiria plagi ya pini tatu. Ukinunua birika supamaketi au ukalitoa Gikomba, litaingia kwenye soketi ileile ukutani. Soketi haikuulizi birika limetengenezwa na nani. Hicho ni kiwango. Sasa wale wa umri wangu wakumbuke chaja za simu za zamani: pini nene, pini nyembamba, na zile bapa za ajabu. Ukibadilisha simu, chaja inabaki takataka. Kwa muda mrefu faili za ofisi zilikuwa kama zile chaja.

Faili za .doc, ambazo ofisi nyingi bado zinazo kwenye kompyuta za zamani, maelezo yake hayakuwekwa hadharani kwa wote mpaka Microsoft ilipoyachapisha mwaka 2008. Kabla ya hapo washindani walikuwa wanabahatisha: wanafungua faili, wanaichungulia, wanakisia. Ndiyo maana jedwali lilikuwa likihamia ukurasa wa pili bila kuaga.

Mwaka 2006 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilipitisha ODF kuwa kiwango nambari 26300. Hizo ndizo faili zinazoishia na .odt na .ods. Microsoft nao wakapeleka muundo wao, huu wa .docx na .xlsx, ukapitishwa mwaka 2008 kama nambari 29500 baada ya mabishano makali. Kwa hiyo mtu akikuambia kwenye mdahalo kwamba "hata docx ni kiwango", hadanganyi. Lakini muulize swali la pili. Maelezo ya kiwango hicho yana kurasa zaidi ya 6,000, na Word kwa kawaida huhifadhi toleo lake la mpito, lenye mabaki ya tabia za zamani. Kusoma tu kurasa zote hizo ni kazi ya mwaka. Kutengeneza programu inayozifuata zote bila kosa ni kazi ya kampuni kubwa.

Kampuni zinazohama huhama kwa nini, basi? Si kila mara ni bei. Kisa ninachokipenda ni cha Ernie Ball, watengenezaji wa nyuzi za gitaa huko California. Mwaka 2000 maafisa wa serikali wenye silaha waliingia kiwandani wakiwa na watu wa chama cha kampuni za programu, wakaanza kukagua kompyuta moja baada ya nyingine. Walikuta nakala kadhaa zisizo na leseni. Zilifikaje pale? Kwa njia ambayo kila ofisi ya hapa inaijua: mhandisi anapewa kompyuta mpya, ile ya zamani inashushwa kwa karani, na hakuna anayefuta kilichomo ndani. Kampuni ikalipa dola 65,000 kumaliza kesi, na kama dola 35,000 nyingine za mawakili.

Kilichomkera zaidi mkuu wa kampuni, Sterling Ball, ni kwamba kesi yake ilitumiwa kuwatisha wafanyabiashara wengine wa eneo hilo. Akawapa mafundi wake miezi sita waondoe programu zote za Microsoft. Wakahamia Linux na OpenOffice, na kiwanda kikaendelea kutoa nyuzi. Angalieni hapo: miezi sita. Mimi nilitumia Ijumaa na Jumamosi.

Kisa hiki kinagusa jambo ambalo wanasiasa wetu hawalitaji hata kidogo. Kwa biashara ndogo za Kenya, mshindani wa LibreOffice si Microsoft ya kulipia. Ni Microsoft ya kuibwa, ile inayokuja imewekwa tayari kwenye kompyuta ya mtumba pamoja na kitu cha kudanganya leseni. Kwa hiyo ukimwambia mwenye duka la dawa au SACCO ndogo "hii ni ya bure", anakuangalia tu. Yake pia ilikuwa ya bure. Tofauti ni kwamba sheria yetu ya hakimiliki inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na siku ukaguzi ukifika, "nilinunua hivyo hivyo dukani" hautakuwa utetezi mzuri.

Wapinzani wana mfano wao, na ni wa haki kuutaja. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux na baadaye OpenOffice, halafu LibreOffice. Ilichukua kama miaka kumi, kompyuta karibu 15,000. Halafu mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Mtu akikutupia Munich, mwambie ndiyo, ilitokea. Kisha mkumbushe kwamba jiji lilifanya kazi kwa miaka mingi kwa programu hizo, na kwamba sehemu kubwa ya malalamiko ilikuwa kubadilishana faili na watu wa nje waliokuwa bado wanatuma .docx. Yaani tatizo lilelile la plagi. Ukihama peke yako, jirani zako wote wana soketi nyingine.

Askari wa gendarmerie wa Ufaransa walikwenda kwa hatua. Mwaka 2005 walibadilisha programu za ofisi tu, kompyuta zikabaki na Windows. Watu wakazoea. Baadaye wakabadilisha kivinjari na programu ya barua pepe. Ndipo kuanzia 2008 wakaanza kuingiza Linux yenyewe, na mtumiaji akakuta kila anachobonyeza anakijua tayari. Kompyuta makumi ya maelfu. Na mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyohiyo ya Munich, likatangaza kuhamisha kompyuta 30,000 kwenda LibreOffice. Safari hii walitaja ODF mapema kabisa kama muundo wa nyaraka zao. Walianza na soketi.

Tuje kwa pesa, maana najua mnazingojea. Hakuna anayehama bila gharama. Leseni inaondoka, lakini kuna mafunzo, kuna fomu na barua za kutengeneza upya, kuna fundi wa kukaa na watu wiki za kwanza, na kuna makro. Makro zinatisha kuliko vyote kwa sababu hazionekani kwenye bajeti yoyote. Msemaji anayekuambia tutaokoa pesa zote za leseni mwaka wa kwanza hajawahi kufungua faili ya mishahara.

Upande wa pili, yule anayesema "bure ni ghali" hasemi pesa zinakwenda wapi. Ada za programu hizi siku hizi ni za kila mwezi au kila mwaka, na nyingi hupangwa kwa dola. Januari 2024 dola ilifika takriban shilingi 160. Hakuna fundi wa Eldoret aliyepandisha bei yake kwa sababu ya dola siku hiyo, lakini ankara za nje zilipanda zenyewe. Pesa ya mafunzo na marekebisho hulipwa hapa, kwa mtu anayelipa kodi hapa. Hilo ni suala la siasa kweli, na tunaweza kulibishania bila matusi.

Na msidhani haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mwenye programu ruhusa. Karibu na nyumbani zaidi: mliowahi kupakua fomu za marejesho ya kodi kwenye iTax mtakumbuka kulikuwa na safu mbili, Excel na ODS. Wengi wetu tulibonyeza ya kwanza bila kuuliza ile ya pili ni ya nini. Ilikuwa soketi.

Kisheria pia tuna pa kushika. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinataka mahitaji ya kiufundi yasitaje jina la biashara au mtengenezaji fulani, isipokuwa kama hakuna njia nyingine ya kueleza kwa usahihi kinachotakiwa, na hata hapo ni lazima kilicho sawa nacho kikubaliwe. Kwa hiyo tangazo la zabuni la programu za ofisi linapaswa kusema kazi inayotakiwa na faili ziwe za namna gani, sio jina lililo kwenye boksi.

Kabla hamjaanza kunijibu "LibreOffice ni mbaya" au "Microsoft ni wezi", fanyeni kitu kimoja. Tafuta tangazo la zabuni la kompyuta au programu la kaunti yako. Angalia wameandika nini kwenye mahitaji ya kiufundi, kisha piga picha sehemu hiyo uiweke hapa chini. Mimi nitaanza na ya Mombasa.