Kabla ya kuuliza bei ya bunduki ya marehemu

Novemba 2016 serikali iliteketeza zaidi ya bunduki 5,000 kule Ngong, Kaunti ya Kajiado. Juni 2021 moto ukawashwa tena Ngong, na kwa mara nyingine idadi ikapita 5,000. Zilikuwa silaha haramu, na mfugaji wa Kajiado aliyewahi kuibiwa ng'ombe kwa mtutu wa bunduki hawezi kuzililia. Nami sizililii. Ninachowazia ni bunduki ya aina nyingine kabisa, ambayo familia inaweza kuisalimisha kwa hofu, au kuiuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu tu hakuna nyumbani anayeijua: bunduki ya michezo, iliyoundwa kutoboa karatasi.

Kitengela ina nyumba nyingi ambamo kitu kama hicho kinaweza kupatikana. Mji huu umejaa wastaafu walionunua ploti enzi zile ardhi ilikuwa ya bei nafuu, wakajenga, wakahamishia huku makabati na masanduku waliyokuwa nayo Nairobi. Wengine walifanya kazi katika mashirika na vilabu vilivyorithi mambo mengi kutoka kwa wakoloni, ulengaji shabaha ukiwemo. Mzee anafariki, matanga yanakwisha, watoto wanaanza kupanga vitu. Nyuma ya kabati kuna mfuko mrefu wa turubai. Ndani yake mna bunduki nzito kupita kiasi, mtutu mnene kama bomba la maji, kitako kipana kilichochongwa kufuata shavu la mtu, na wala haina mahali pa kupachika magazini. Swali la kwanza la wengi huwa ni, “Hii inaweza kutoa pesa ngapi?”

Swali hilo lisubiri. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimruhusu mtu yeyote kumiliki bunduki wala risasi bila cheti, na cheti cha marehemu hakirithiwi kama shamba. Siku ile mwenye cheti anapofariki, bunduki inabaki nyumbani bila mwenyewe machoni pa sheria. Mambo yalikazwa zaidi mwishoni mwa 2018, wakati Waziri Fred Matiang'i alipoagiza wenye bunduki wote wahakikiwe upya na Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki, iliyoundwa kwa mabadiliko ya sheria ya 2014. Kijitabu cha zamani chenye mihuri iliyofifia hakiwezi kumlinda mjane. Usiitie kwenye buti la gari uende nayo Nairobi kutafuta fundi. Iache palepale, usiifungue, ichukulie kuwa ina risasi hata kama umeambiwa haina, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na cheti cha kifo na karatasi zozote ulizozikuta. “Afande, baba alifariki, ameacha bunduki yenye leseni, tunaomba mwongozo” ni maneno yanayotosha. Omba stakabadhi ya maandishi yenye nambari ya bunduki, na uombe polisi wakueleze jinsi muuzaji mwenye leseni anavyoweza kuitunza wakati urithi unashughulikiwa.

Bunduki ikishakaguliwa na mtaalamu na kuthibitishwa kuwa ni tupu, sasa tuitazame.

Wakenya wengi wakiona bunduki kuukuu ya mbao husema ni Mark 4, yaani ile Lee-Enfield ya .303 ambayo askari wa akiba wamebeba miaka nenda miaka rudi. Kuna njia rahisi ya kuondoa shaka. Penseli ya kawaida ina unene wa karibu milimita 7. Mdomo wa mtutu wa .303 ni milimita 7.7, kwa hiyo penseli inapita. Mdomo wa .22, ambayo ndiyo kaliba ya bunduki nyingi za shabaha, ni kama milimita 5.6, na penseli haiingii. Tofauti hiyo ndogo inabadilisha historia yote ya kitu kilicho mbele yako.

Ukiona wenzo mrefu chini, nyuma ya kifyatulio, ambao ukivutwa chini chuma cha ndani kinashuka na kufungua chemba, basi uko mbele ya mtambo wa Martini. Hapo ndipo familia nyingi hupandwa na ndoto. Mtu anasoma jina Martini, anakumbuka Martini-Henry, ile bunduki ambayo jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1871 na kupigana nayo vita dhidi ya Wazulu mwaka 1879, anaamini ameketi juu ya mamilioni. Martini-Henry ilikuwa na tundu la milimita 11 na zaidi. Mtambo uleule, uliotokana na kazi ya Friedrich von Martini wa Uswisi, ulipunguzwa baadaye na kiwanda cha BSA cha Birmingham kikatengeneza bunduki za .22 za kulengea shabaha. Hao ndio BSA ambao wazee wetu waliwajua kwa baiskeli na pikipiki. Alama yao ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja, na ukiiona pembeni mwa mtambo, umeshajua nusu ya habari.

Nusu iliyobaki inahitaji macho. BSA walitengeneza Model 12 kabla ya vita vya kwanza vya dunia, baadaye Model 15, kisha 12/15 iliyounganisha sifa za zote mbili. Mwaka 1950 wakatoa International, bunduki nzito ya mashindano, ikafuatwa na Mark II mwaka 1953 na Mark III mwaka 1959. Kuitambua Mark III si kazi kubwa: tazama chini ya mtutu. Mbao ya mbele haigusi mtutu hata kidogo, imeshikiliwa na mkono wa chuma chepesi unaotoka kwenye mtambo, ili joto na unyevu wa mbao visiusukume mtutu ukapotoka. Mlengaji wa mita 50 anahangaikia jambo hilo kwa sababu duara la alama 10 kwenye karatasi yake lina upana wa milimita 10.4 tu.

Kisha geuza mtutu kwenye mwanga, karibu na chemba. Bunduki ya Uingereza ina mihuri midogo ya nyumba ya majaribio, mahali ambapo kila mtutu ulifyatuliwa kwa baruti kali kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa. Taji juu ya herufi BNP ni Birmingham, chini ya kanuni za 1954 na kuendelea. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba bunduki yenye muhuri huo ilipigana vita vya kwanza vya dunia kule Longido mwaka 1914, msikilize kwa heshima, halafu uamini muhuri.

Wajerumani wana utaratibu ninaoupenda zaidi. Bunduki ya Anschütz, kiwanda kilichohamia Ulm mwaka 1950, huwa na muhuri wa pembe ya kulungu na herufi mbili kando yake. Herufi hizo ni mwaka: A ni sifuri, B ni moja, hivyo hivyo mpaka H ambayo ni saba, I nane, na K tisa, kwa maana J inarukwa. Ukikuta GD, soma 6 na 3: mtutu ulijaribiwa mwaka 1963, mwaka wa Uhuru wetu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuisoma akishaelekezwa, na hakuna dalali atakayemdanganya mama yake kuhusu umri wa bunduki hiyo.

Yote haya yana maana kwetu kwa sababu mchezo huu ni sehemu ya historia yetu. Kenya ilipopeleka timu yake ya kwanza kwenye Olimpiki, Melbourne mwaka 1956, tunamkumbuka Nyandika Maiyoro aliyemaliza wa saba katika mita 5,000, na ni haki akumbukwe. Katika msafara huohuo walikuwemo walenga shabaha wa bunduki ndogo, Charles Trotter na Roy Congreve. Ulikuwa mchezo wa walowezi, hilo halifichiki. Mwafrika wa wakati ule, katikati ya hali ya hatari, kukutwa na risasi moja tu mfukoni kulitosha kumfikisha kwenye kitanzi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuzitambua bunduki hizi kwa majina na miaka yake. Kitu kinachoeleza nani aliruhusiwa kucheza na nani alinyongwa hakistahili kupotea bila hata picha.

Tukija kwenye pesa, nitasema bila kuzunguka: usitarajie utajiri. Kule Uingereza, ambako ndiko nyingi zilitoka, BSA Martini ya .22 iliyo katika hali nzuri mara nyingi haifiki pauni 500 mnadani, kwa sababu zilitengenezwa nyingi na kila mnunuzi lazima awe na kibali. Bunduki za uwindaji ni habari nyingine. Uwindaji ulipopigwa marufuku nchini Mei 1977, bunduki kubwa za Rigby au Holland & Holland zilibaki bila kazi, na wakusanyaji wa ng'ambo huzitafuta, hasa zikiwa na jina la duka la zamani la Nairobi kama Shaw & Hunter. Ya shabaha haina mvuto huo. Hapa kwetu wanaoweza kuinunua kihalali ni wachache zaidi, wengi wao watu wa aina ile unayoweza kuwakuta kwenye uwanja wa shabaha wa Kirigiti kule Kiambu, na wasipoihitaji, hakuna soko lingine.

Kwa hiyo bei inaamuliwa na mambo ambayo familia inaweza kuyalinda au kuyaharibu yenyewe. Nambari iliyo kwenye chuma ilingane na ile ya cheti. Ikiwa imesuguliwa, biashara imekwisha na maswali ya polisi yameanza. Mtutu uwe safi ndani, hasa pale mdomoni, kwa kuwa fimbo ya kusafishia ikiingizwa vibaya kwa miaka mingi hula ukingo na risasi haiendi tena inakoelekezwa. Na tafadhali, msimpe fundi wa samani aipige msasa na vanishi mpya! Mbao yenye alama za shavu la mzee na chuma kilichofifia weusi wake kwa umri vina thamani kuliko mng'ao wa jana.

Kinachosahauliwa zaidi ni vilengeo. Bunduki ya shabaha huuzwa ikiwa na kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo na vigurudumu viwili vya kurekebishia, na cha mbele chenye vipete vya kubadilisha. Mzee makini alivitoa kila baada ya mashindano na kuvihifadhi kando, pengine kwenye kopo la tumbaku au kijisanduku cha mbao kilichoandikwa Parker-Hale. Bila hivyo bunduki ni mtutu na kitako tu, na kutafuta vingine ni gharama inayoweza kukaribia bei ya bunduki yenyewe. Kwa hiyo kabla muuzaji mwenye leseni hajafika kutoa makadirio, fungueni droo za marehemu, mtazame kwenye sanduku la vifaa vya kushonea na nyuma ya redio. Mkikuta pia kadi za shabaha zilizotobolewa, zenye tarehe na jina la klabu, msizichome na takataka. Zifungeni pamoja na karatasi za bunduki. Ndizo zinazothibitisha ilitumiwa na nani, wapi na mwaka gani, na mnunuzi anayeipenda historia huzilipia.