Fahamu: John Kilaka, mchoraji anayewavisha wanyama mashati

John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga mwaka 1966, ni Mtanzania ambaye vitabu vyake vya watoto vimesomwa hadi Ulaya na Marekani. Anachora kwa mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972.

Watazame wanyama wake kwa karibu. Wanatembea kwa miguu miwili, wamevaa mashati na magauni ya rangi kali, wanavua samaki, wanawapeleka sokoni, wanagombana na kupatana. Hadithi zenyewe Kilaka alizifuata vijijini, akiwasikiliza wazee.

Katika The Amazing Tree, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2009, ukame umeingia, wanyama wana njaa na mti umesheheni matunda mabivu, ila hayadondoki mpaka mti uitwe kwa jina lake. Kobe ndiye anayelijua. Mtoto wa Manyoni au Iramba, mkoani Singida, aliyeona mtama ukinyauka shambani, hahitaji kufafanuliwa njaa hiyo. Tena Singida ina michoro ya kale kwenye miamba ya Iramba, wanyama wakiwemo, kwa hiyo wanyama waliochorwa si wageni huko. Nakala za Kiswahili za vitabu vya Kilaka zinastahili kujaa kwenye shule za msingi za mkoa huo.