Amana ya Habari katika Redio ya Polisi: Kipi Kisemwe, Kipi Kisitiriwe

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu yetu mmoja aishiye Marekani, ambaye kazi yake ni kupokea simu za dharura na kuwaelekeza askari wa doria kwa redio ya upepo, ametuletea swali. Akipewa habari za mtu kwa simu, atangaze kiasi gani, hali anajua kuwa redio hiyo husikilizwa na wasiohusika? Akisema sana anaogopa kusengenya na kufichua aibu za watu, na akisema kidogo anaogopa kumwaga damu.

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe. Polisi wa mji wa Detroit walianza kupeleka habari kwenye magari yao kwa redio mwezi wa Aprili 1928, na wakati huo askari alisikia tu, hana njia ya kujibu. Mawimbi yalikuwa wazi, na katika sehemu nyingi za nchi ile yalibaki wazi kwa miongo mingi. Mtu alinunua kipokezi dukani, akakaa nyumbani kwake akisikia anwani, majina na maradhi ya jirani zake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 zikaja namba zinazoanza na kumi, kama 10-4, yaani "nimepokea". Wengi hudhani ziliwekwa kwa ajili ya siri. Sivyo, ziliwekwa kufupisha maneno, na aliyetaka kujua maana zake alizijua. Tena idara hii ilikuwa na maana zake na ile zake, hata zikikutana kwenye tukio moja hazielewani. Ndiyo maana tangu 2006 serikali kuu ya huko ilitaka lugha ya kawaida itumike pale idara mbalimbali zinapofanya kazi pamoja.

Siri ya kweli tunaiona katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Ilipofika habari kwamba Banu Quraydha wamevunja ahadi, Mtume (s.a.w.) aliwatuma Saad bin Muadh na Saad bin Ubada (r.a.) pamoja na wenzao wakahakikishe. Kama anavyosimulia Ibn Hisham kutoka kwa Ibn Is'haq, aliwaagiza kwamba wakikuta habari ni ya kweli wampe kwa ishara atakayoielewa yeye, wasivunje nyoyo za watu, na wakikuta si kweli waitangaze wazi. Wakarudi wakataja majina mawili tu, Adhal na Qara, makabila yaliyowafanyia hiana Sahaba pale Raji'. Mtume (s.a.w.) akafahamu.

Watu hunukuu kisa hiki kuthibitisha kuficha, wakaishia hapo. Sisi tunaona nusu ya pili ndiyo nzito zaidi: aliyehitaji habari aliipata nzima. Kilichofichwa kilifichwa kwa jeshi, hakikupunguzwa kwa kiongozi. Na kabla ya kufikisha walithibitisha, nalo ni agizo la aya ya 6 ya Suratul-Hujurat.

Sasa tazama kilichotokea Cleveland, Ohio, tarehe 22 Novemba 2014. Mtu alipiga simu kuwa kuna mtu kwenye bustani ya umma anawaelekezea watu bastola. Katika simu hiyo hiyo alisema kwamba pengine bastola ni ya bandia, na kwamba mwenyewe pengine ni mtoto. Aliyepokea simu hakuyafikisha maneno hayo mawili, na askari hawakuyasikia redioni. Gari likafika, na katika muda wa kama sekunde mbili mtoto wa miaka 12 akapigwa risasi; akafariki siku ya pili yake. Bastola ilikuwa ya kuchezea. Mwaka 2016 mji ulikubali kuilipa familia dola milioni 6, na mwaka 2017 mpokeaji simu akasimamishwa kazi siku 8. Hatusemi kwamba maneno hayo yangefikishwa askari asingefyatua. Hilo ni katika ghaibu. Tunasema shaka ya msemaji ni sehemu ya habari. Mwenye kusikia "pengine" akafikisha "ndiyo" amefikisha habari nyingine.

Ama hofu ya kusengenya, Imamu Nawawi (rahimahullah) ametaja katika Riyadhus-Salihin sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa asichokipenda. Miongoni mwake ni kuomba msaada wa kuondoa munkari, kuwatahadharisha watu na shari, na kumtambulisha mtu kwa sifa anayojulikana kwayo, mfano kiwete au kipofu, kwa sharti isikusudiwe kumdharau. Kueleza nguo, kimo na rangi ya mtuhumiwa kunaingia hapa. Lakini rangi peke yake bila nguo wala kimo haimtambulishi mtu. Inawatia hatarini wote wenye rangi hiyo.

Kipimo chetu basi ni haja ya askari anayekwenda. Mahali, silaha, idadi ya watu, na kila kinachobadilisha namna ya kukaribia, vyote ni wajibu kusemwa. Mtu akiwa kiziwi lazima isemwe, kwa sababu hatasikia amri ya kusimama. Mwenye maradhi ya akili vivyo hivyo. Lakini jina la mwanamke aliyebakwa, jina la mtoto, au maradhi yasiyohusiana na tukio, havina haja kwenye mawimbi. Vipitishwe kwenye skrini iliyomo garini au kwa simu. Huko California, mwezi Oktoba 2020, Wizara ya Sheria ilizitaka idara za polisi ama zifunge mawimbi kwa msimbo ama zitafute njia ya kutozitangaza habari za siri za watu. New York nao walianza kufunga mwaka 2023. Waandishi wa habari walilalamika, na malalamiko yao yana uzito, kwani wimbi lililofungwa husitiri pia makosa ya askari. Sisi tunaona kufunga jina la mnyonge si sawa na kufunga kila kitu.

Limebaki la msikilizaji wa nje. Mjini Boston, Aprili 2013, walipokuwa wakisakwa waliolipua mabomu kwenye mbio za marathoni, watu walisikiliza redio na kueneza papo hapo walikokuwa askari, hata polisi wakawaomba waache. Jina lililosikika redioni nalo likaenezwa kuwa ni la mtuhumiwa, na halikuwa lake. Aya ya 83 ya Suratun-Nisaa inawalaumu wanaotangaza kila jambo la amani au la hofu linalowafikia badala ya kulirudisha kwa wenye mamlaka nalo. Basi aliyesikia kwenye wimbi lililo wazi hatumhukumu kwa kusikia kwake. Akilipeleka mbele jina la mtu kwa kutegemea alichokisikia redioni, huyo ameingia katika makatazo hata kama jina limesadifu, kwa sababu alilipeleka kabla ya kujua. Wallahu aalam.