Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe: Mpigaji Mpya wa Besiboli na Majibu ya Warushaji

Utangulizi

Takriban kila msimu katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani huzuka kijana ambaye hapo awali alijulikana na wachache tu. Kwa majuma machache kila arushiwacho hukigonga. Magazeti humwita shujaa na mashabiki hununua fulana zenye jina lake. Kisha gongo lake hunyamaza. Msemaji wa Kiswahili angeharakisha kutoa hukumu kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba hukumu hiyo haitoshi. Kunyamaza kwa gongo hutokana kwa kiasi kikubwa na majibu yaliyopangwa na wapinzani. Aidha, dalili ya mpigaji atakayedumu huonekana mapema katika mipira anayoiacha ipite, zaidi ya ile anayoipiga.

Mrushaji na Mpigaji

Msomaji aliyewahi kutazama kriketi hatapata taabu kuuelewa mchezo huu. Tofauti ni kwamba mpira wa besiboli haudundi chini kabla ya kumfikia mpigaji. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha nyumbani. Mpira unaokwenda kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika kwa muda wa takriban sekunde 0.4, na kwa hivyo mpigaji hana budi kuamua kupiga au kuacha kabla mpira haujamaliza safari yake.

Lipo eneo halali, ambalo upana wake ni sentimita 43, nao urefu wake ni kutoka magotini hadi karibu na kifua cha mpigaji. Mpira ukipita humo bila kupigwa, au mpigaji akiukosa popote ulipo, hiyo ni straiki. Straiki tatu humtoa. Mrushaji naye akirusha mara nne nje ya eneo hilo bila mpigaji kushawishika, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Pigo linalosherehekewa zaidi ni lile la kuvusha mpira juu ya uzio wa uwanja.

Mrushaji ana silaha kadha. Upo mpira wa kasi ulionyooka; upo unaopinda na kuzama mwishoni; na upo wa polepole unaotoka mkononi kwa namna ile ile ya mpira wa kasi, ukamfanya mpigaji azungushe gongo mapema mno.

Kwa Nini Mwanzo Huwaka Moto

Sababu ya kwanza ni hesabu. Tuseme mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni kupata mapigo mema 14 katika majaribio 50 amepata 20. Wastani wake utasomeka 0.400, kiwango ambacho hakuna aliyekifikia kwa msimu mzima katika ligi hiyo tangu Ted Williams mwaka 1941. Hata hivyo, tofauti ni mapigo sita tu, na baadhi huenda ni mipira iliyoanguka kwa bahati pasipo na mdakaji.

Sababu ya pili ni ugeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Warushaji wa ligi kuu huwa hawajamsoma mgeni vya kutosha, hivyo humjaribu kwa mbinu wanazozitumia kwa wote. Wakati huo huo kila jaribio lake hurekodiwa. Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi hiyo vina mitambo inayopima kasi na mwelekeo wa kila mpira. Muda si muda wapinzani hujua anapenda mpira upi, wapi, na ni upi humhadaa. Hapo ndipo jembe linapotolewa.

Jembe Lenyewe

Warushaji hubadilika kwa namna tatu kuu. Kwanza, huacha kumpa mpira wa kasi katikati ya eneo halali na kumpa inayopinda. Pili, huhamisha shabaha kutoka mahali anapopiga vyema hadi pale mikono yake isipofika kwa wakati, mathalani juu karibu na kifua, au chini mbali na mwili. Tatu, na hii ndiyo hatari kuliko zote, hurusha nje ya eneo halali kwa makusudi na kungoja tamaa yake imponze. Asiyeweza kuacha hujitoa mwenyewe.

Vijana Wawili

Jeff Francoeur alijiunga na Atlanta Braves mnamo Julai 2005. Katika mechi 70 alipata wastani wa 0.300 na mapigo 14 ya kuvusha uzio, na mwezi Agosti jarida la Sports Illustrated likamweka kwenye jalada lake. Lakini katika mechi hizo zote alipewa kituo cha bure mara 11 tu. Warushaji walikuwa wameoneshwa mlango. Mwaka 2006 alicheza mechi zote 162, akapata vituo vya bure 23 pekee, na wastani wake ukashuka hadi 0.260. Mnamo Julai 2008 klabu iliyompandisha ilimteremsha hadi ligi ya chini, japo kwa mechi tatu. Hatumdharau, kwani alidumu katika ligi kuu hadi 2016. Ila ahadi ya miezi ile ya kwanza haikutimia.

Aaron Judge wa New York Yankees alivusha mpira uzio katika jaribio lake la kwanza kabisa, Agosti 2016. Kisha akatolewa kwa straiki mara 42 katika majaribio 84, na wastani wake ukawa 0.179. Kwa kuwa majaribio hayo hayakufika 130, mwaka 2017 alihesabiwa bado mgeni. Kufikia mapumziko ya Julai alikuwa na mapigo 30 ya kuvusha uzio na wastani wa 0.329. Majibu yalikuja. Mwezi Agosti wastani wake ulikuwa 0.185, na katika kipindi hicho alipitia mechi 37 mfululizo akitolewa kwa straiki angalau mara moja katika kila mechi. Si haki kuwapa warushaji sifa zote, maana Novemba alifanyiwa upasuaji wa bega la kushoto.

Pamoja na masaibu hayo, Judge hakuacha kuchagua. Msimu ulipokwisha alikuwa amepata vituo vya bure 127. Mrushaji aliyetegea tamaa yake mara nyingi aliambulia patupu na kulazimika kurudi katika eneo halali. Mwezi Septemba kijana akavusha mipira 15, akafikisha 52, idadi ambayo hakuna mgeni wa ligi hiyo aliyekuwa ameifikia hapo kabla. Mwaka 2022 alifikisha 62.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwanzo wa moto ni kauli ya kwanza tu katika malumbano. Kauli ya pili ni ya warushaji, na ya tatu ndiyo humtambulisha mpigaji. Wanaotaka kubashiri hatima ya kijana wasitazame ubao wa mapigo pekee. Watazame pia safu ya vituo vya bure. Wanaomhukumu anapoanguka nao wasifanye haraka. Judge wa Agosti 2017 na Judge wa Septemba ni mtu yule yule, na baina yao kulikuwa na siku chache tu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.