Breki ya mkono ikipanda, usikaze waya: fungua gurudumu

ASUBUHI moja ya siku ya soko, jirani yangu mmoja wa hapa Kabale aliegesha gari lake kwenye mteremko karibu na mpaka wa Katuna, akavuta breki ya mkono hadi mwisho, kisha akashuka kwenda kuulizia mzigo wake wa vitenge. Hakufika hatua kumi. Gari lilianza kurudi nyuma polepole, likielekea kwa kina mama waliokuwa wamepanga viazi kando ya barabara. Kijana mmoja mpakiaji aliwahi kusukumia jiwe chini ya tairi. Hakuna aliyeumia, lakini mwenye gari alirudi nyumbani akitetemeka.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, lile gari dogo la spoti lenye viti viwili na paa la kukunja. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago, Marekani, Februari 1989, na liliundwa Hiroshima, Japani, hadi mwaka 1997. Kwa Wajapani lilijulikana kama Eunos Roadster. Jirani yangu alilileta kutoka Uingereza aliporejea nyumbani mwaka 2008, na hataki kusikia habari ya kuliuza.

Hata akitaka jingine la aina hiyo, hawezi kuliingiza. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza magari yaliyozidi umri wa miaka 15, na Kenya kikomo ni miaka minane. Kwa hiyo ndugu zetu waliorudi na magari ya zamani kutoka Ulaya au Japani wana njia moja tu: kuyatunza yaliyopo. Na utunzaji huanzia kwenye breki.

Kosa lilikoanzia

Mpaka wa Katuna na Gatuna ulipofungwa mwishoni mwa Februari 2019, biashara ya jirani yangu ilisimama, na gari likasimama pamoja nayo. Lilikaa uani kwa miezi mingi likinyeshewa mvua. Mpaka ulipoanza kufunguliwa tena Januari 31, 2022, alilipiga maji, akabadilisha betri, akaingia barabarani. Breki za nyuma hakuzigusa.

Baada ya muda akaona kuwa breki ya mkono inapanda juu kuliko zamani. Kwa kawaida gari hili hushika baada ya mlio wa tano hadi wa saba. Lake lilikuwa limefika mlio wa kumi. Akampelekea fundi, fundi akakaza waya kwa ile nati iliyo kwenye mkono wa breki, na mambo yakawa mazuri kwa wiki chache. Ikapanda tena, ikakazwa tena. Mara ya tatu ndiyo ikawa ile ya Katuna.

Hapo ndipo palipo na funzo la makala haya. Breki ya mkono inayopanda mara nyingi si ugonjwa wa waya. Ni taarifa kutoka kwenye magurudumu kwamba pedi zimekwisha au kalipa haifanyi kazi sawasawa. Anayekaza waya bila kufungua gurudumu huwa ameizima taarifa hiyo tu, huku pedi zikiendelea kulika.

Breki za nyuma huisha kimyakimya. Gari linapopunguza mwendo uzito wake huegemea mbele, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi na ndizo fundi anazozitazama kwanza. Za nyuma hudumu zaidi, na kwa sababu hiyo husahaulika.

Kufungua

Jumamosi iliyofuata tulilifungua gari hilo uani kwake. Vifaa havikuwa vya ajabu: jeki, stendi mbili za chuma, spana ya nati za magurudumu namba 21, spana namba 14, brashi ya waya, grisi ya breki, na ile spana ndogo yenye umbo la herufi L na pembe sita, ambayo mafundi huiita alen ki, ya milimita 4. Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote.

Tafuta mahali tambarare na pagumu. Weka gari kwenye gia ya kwanza na uzuie magurudumu ya mbele kwa mawe au vipande vya mbao, pande zote mbili. Kisha teremsha breki ya mkono, kwa sababu ikiwa imevutwa hutaweza kuifanyia kazi. Legeza nati kabla gurudumu halijaondoka ardhini. Ukishapandisha gari, liweke juu ya stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kushikilia gari wakati mtu anafanya kazi, na wapo waliokufa kwa kuipuuza kanuni hiyo.

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Pedi za zamani huenda zina asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Lilowanishe na ulifute kwa kitambaa cha kutupa.

Fungua upande mmoja kwanza, uache wa pili kama ulivyo. Ukisahau vispringi vidogo vinavyotanua pedi vilikaa vipi, utakwenda kuangalia upande wa pili.

Pistoni haisukumwi

Kwenye magari mengi, pistoni ya breki za mbele hurudishwa ndani kwa kubanwa na jiliwa au bisibisi kubwa. Kwenye breki za nyuma za gari hili ukifanya hivyo unaharibu, kwa sababu ndani ya kalipa mna skrubu inayounganisha pistoni na breki ya mkono. Ukitumia nguvu, unavunja kitu ambacho si rahisi kukipata huku kwetu.

Nyuma ya kalipa kuna bolti fupi inayofunguliwa kwa spana namba 14. Wengi hudhani ni ya kufungia kalipa, lakini ni kifuniko tu. Ukiiondoa utaona tundu, na ndani yake ndipo alen ki ya milimita 4 inapoingia. Izungushe kinyume cha saa, nayo pistoni itarudi ndani yenyewe bila kulazimishwa. Wakati huo tazama chupa ya mafuta ya breki chini ya boneti. Mafuta yanaweza kupanda, na yakimwagika hubandua rangi ya gari.

Baada ya hapo fungua bolti moja ya kalipa na uizungushe juu ya pini yake nyingine, nazo pedi zitatoka. Upande wa kulia wa gari la jirani yangu tulikuta jambo la kushangaza. Pedi ya nje ilikuwa bado nene, lakini ya ndani ilikuwa imefika chuma na kuanza kuchora diski. Pini ambayo kalipa huteleza juu yake ilikuwa imeganda kwa kutu ya ile miaka ya kukaa uani. Pedi moja ilikuwa inafanya kazi ya mbili.

Hapo usibadilishe pedi peke yake. Safisha pini mpaka zing'ae, zipake grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, na uhakikishe kalipa inateleza kwa mkono. Diski nayo ipimwe: unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida huandikwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa chini ya hapo au ina mifereji mirefu, badilisha zote mbili. Ndivyo tulivyofanya.

Wakati wa kurudisha, alen ki inafanya kazi ya pili. Izungushe kwa mwelekeo wa saa hadi pedi zibane diski isizunguke, kisha irudishe nyuma theluthi moja ya mzunguko. Diski iwe huru kuzunguka kwa mkono. Funga kile kifuniko, fanya vivyo hivyo upande wa pili, halafu kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Waya wa breki ya mkono hurekebishwa mwisho kabisa, na kama ulikuwa umekazwa kupita kiasi kama huu wetu, uulegeze kabla ya kuanza.

Kwa wanaonunua na wanaouza vipuri

Mfanyabiashara wa vipuri akikuambia "pedi za MX-5 ni hizi", usimlipe haraka. Gari la injini ya 1.6 la miaka ya mwanzo lina diski za nyuma za milimita 231, na lile la 1.8 lililofuata lina za milimita 251. Pedi zake hazifanani. Nenda sokoni na pedi ya zamani mkononi, uzilinganishe chuma kwa chuma.

Tazama pia kama sehemu ya msuguano imeshikamana vizuri na bamba lake, haina nyufa, na kingo hazimeguki kwa ukucha. Pedi bandia huonekana nzuri ndani ya boksi, kisha huachia kwenye mteremko. Anayezivusha mpakani kwa faida ya siku moja akumbuke kuwa na yeye hupita barabara hiyohiyo.

Mafuta ya breki yawe DOT 3 au DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa. Usichanganye na DOT 5, na usiweke mafuta ya injini hata tone.

Aidha, kuna mahali pa kusimama na kumwita fundi mzoefu: pedali ikiwa laini kama sponji, mafuta yakivuja kwenye kalipa, au pistoni ikikataa kurudi hata kwa alen ki. Kukubali hivyo si aibu.

Ukimaliza, usikimbilie milimani. Jaribu kwanza mahali tambarare, mwendo mdogo. Kisha zizoeshe pedi mpya kwa kupunguza mwendo taratibu kama mara kumi, ukiziacha zipoe katikati. Na ukiteremka milima yetu, shuka kwa gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari.

Jirani yangu amesharudi Katuna mara kadhaa. Breki ya mkono inashika kwenye mlio wa sita. Anaegesha palepale, juu ya wale kina mama wa viazi, lakini kabla ya kuondoka huokota jiwe na kuliweka nyuma ya tairi. Nilipomuuliza kwa nini, wakati breki ni mpya, alinijibu kwamba kina mama wale hawajui kuwa ni mpya.