Mahindi Si Bubu: Kweli au Si Kweli?

Mmea hauna ubongo, basi haujui ukishambuliwa.
Si kweli. Kiwavi akitafuna jani, wimbi la kalsiamu husambaa hadi kwenye majani ambayo hayajaguswa, ndani ya dakika chache tu. Homoni iitwayo jasmoneti hufuata, na mmea huanza kutengeneza kemikali zinazomvuruga kiwavi tumbo.

Mahindi yakijikunja majani saa saba mchana yamekwisha.
Si kweli. Udongo ukikauka, asidi ya absisiki hufunga vitundu vya jani ili maji yasipotee, na jani lililojikunja hupigwa na jua kidogo. Wasiwasi uanze pale yanapokutwa yamejikunja hata alfajiri.

Mbegu ya kisasa huishinda ya asili kwa kila jambo.
Si kweli, na hili linaniuma kila ninaposikia mbegu za bibi zikidharauliwa. Watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, katika kituo chao cha Mbita kando ya Ziwa Victoria, waligundua kwamba nondo wa bungua akitaga mayai kwenye baadhi ya mahindi ya asili, mmea hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo, maadui wa bungua, kabla hata yai halijaanguliwa. Mahindi chotara waliyoyapima hayakuita.

Kiduha, lile gugu la shambani, huota kikipata mvua tu.
Si kweli. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10, mvua zikija na kupita. Kinachoziamsha ni strigolaktoni, kemikali inayotolewa na mizizi ya mahindi au mtama. Mmea hauitoi kwa ajili ya kiduha. Fosforasi ikipungua, huitoa kwa wingi kuwaita kuvu wa mizizini wausaidie kufyonza madini. Kiduha hudukiza wito huo, huota, hujipachika mzizini na kuanza kunyonya. Mkulima anapoyaona maua yake, hasara imeshatokea chini ya ardhi. Na kwa kuwa wito huo huongezeka fosforasi ikipungua, kiduha hutesa zaidi mashamba yaliyochoka, na ndiyo maana samadi na mbolea ya fosfeti ni silaha pia.

Ukiking'oa kiduha, umemaliza kazi.
Kweli nusu. Kikingʼolewa kabla ya kutoa mbegu, msimu ujao hupata nafuu, lakini zilizolala bado zipo. Mmea wa desmodiamu ukipandwa katikati ya mistari ya mahindi, mizizi yake huziamsha mbegu hizo na kuzizuia zisijipachike, zikafa njaa. Majani yake wapewe ng'ombe.