Hedifoni Bomba Huijui kwa Kelele

Ukitaka kujua kama hedifoni ni bomba au ni kanyaboya, usiongeze sauti. Ipunguze. Najua muuzaji atakuambia kinyume chake. Pale Mwanjelwa, kila niliposimama kwenye meza ya vifaa vya simu nilivishwa hedifoni na kupigiwa ngoma kwa sauti ya mwisho. Besi inakugonga hadi kwenye meno, unatoa hela, unaondoka unacheka.

Ujanja uko hapa. Sikio la binadamu hudhani sauti kubwa ndiyo nzuri. Sauti ikiwa ndogo, besi husikika kwa shida. Ukiongeza, besi nayo inajaa. Kwa hiyo ukilinganisha hedifoni mbili, ile inayopiga kwa nguvu zaidi itaonekana imeshinda hata kama ni mbovu. Zilinganishe kwa simu ileile, wimbo uleule na sauti inayolingana.

Mimi nilitumia nyimbo mbili ninazozijua nje ndani. Ya kwanza ni "Kwetu" ya 2016, ya Rayvanny, kijana wetu wa Mbeya, kwa ajili ya sauti ya mwimbaji. Ya pili ni kibao cha zamani cha Mbaraka Mwinshehe, kwa sababu ya yale magitaa. Ukishindwa kutenganisha gitaa moja na jingine, rudisha mezani.

Matokeo? Eafoni ngumu zisizo na mpira, zile za bei ya kutupa, zilinipa mwimbaji lakini besi iliyeyuka. Sababu ni kwamba hazilizibi sikio, sauti nzito inavuja. Zenye mpira laini zilirudisha besi na kupunguza kelele za nje, mradi mpira ukutoshe. Saizi ikikosewa umerudi kulekule. Hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote ndizo zilizonikuna: kila chombo kilikaa mahali pake, hata sauti ikiwa chini. Zina joto, ni kweli, ila kwa baridi yetu ya Juni na Julai nani atalalamika? Zisizo na waya ni raha tupu, lakini zinataka chaji, na za bei rahisi huchelewesha sauti. Ukitazama video, midomo inatangulia maneno.

Jina kubwa kwenye boksi nalo lisikubabaishe. Feki zimejaa, na boksi halipigi muziki.

Utasema, mbona presha yote hii kwa kitu cha kusikilizia muziki? Fikiria mvua ya Mbeya ikigonga bati, au uko kwenye basi la Iringa, injini inanguruma na upepo unavuma dirishani. Mwenye eafoni inayovuja anaongeza sauti, anaongeza tena. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki; zikifika 90, ni saa 4 tu. Mwaka 2022 lilisema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kupoteza usikivu kwa usikilizaji wa namna hii. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa haviotei tena. Ukivua eafoni ukasikia mlio wa "nziii", hilo ni onyo. Na barabarani zivue kabisa, bodaboda haina habari na wimbo wako.

Sasa twende nyumbani, maana huko ndiko kwenye kesi. Mmoja yuko kwenye kochi kajiziba masikio yote mawili, mwenzake anaita mara tatu. Ya nne inakuwa ugomvi. Wala si mambo ya dotcom. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa Sony, alipoijaribu Walkman nyumbani aliona mkewe anakereka kwa kutengwa. Ndiyo maana Walkman ya kwanza, iliyotoka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, na kitufe cha kupunguza muziki ili wawili wazungumze bila kuzivua.

Kile kitufe hakipo kwenye simu yako, kwa hiyo kiweke mwenyewe. Hedifoni inayosikika vizuri kwa sauti ya chini inakuachia nafasi ya kumsikia mwenzio akiita. Mkiwa wawili, acha sikio moja wazi. Mwenzako akianza kuongea, zivue kabisa. Kupunguza sauti huku umezivaa ni dharau ya kistaarabu.

Na kama unamnunulia zawadi, nenda naye mezani akajaribu kwa masikio yake, maana mpira unaokutosha wewe huenda usimtoshe yeye. Simu yenu ikiwa bado ina tundu la waya, ongeza na kile kigawa waya cha matundu mawili. Halafu mvua ikinyesha mtabishana tu nani achague wimbo.